Frigo ya safari: tuulize batri kwanza, rangi baadaye

Kila likizo kubwa inapokaribia, swali linarudi kwenye kikao chetu: tukichanga pesa, tununue frigo gani ya kubeba kwenye jipu? Safari hii swali limekuja na uzito wake. Pesa inayozungumziwa ni ya kisanduku cha AVEC, ile tuliyoiweka kidogo kidogo, na wenzetu wawili katika kikundi wanadunga insulini kila siku. Ndiyo maana tumeamua kuliandika kwa urefu wiki hii, ili kila mama afike kikaoni akiwa ameshafikiri.

Frigo hizi hazikutengenezwa kwa ajili yetu. Zilitengenezwa kwa watu wa Australia na Afrika Kusini wanaojaza jipu, wanaingia porini siku kumi, wanapiga kambi na kutaka nyama isiharibike na bia iwe baridi. Hapa Goma tunaziona nyuma ya magari ya wageni na ya mashirika, na siku hizi unaweza kukuta moja ya okazyoni imewekwa mlangoni mwa duka, imeng'arishwa kwa mafuta, muuzaji anaisifu kama ng'ombe wa mahari. Haja zetu ni nyingine. Mmoja anapanda Rutshuru kwa matanga na atalala huko siku nne. Mwingine anateremka Vitshumbi kutafuta samaki. Wa tatu anarudi Masisi na jibini na maziwa. Na wapo wanaotaka tu kupeleka watoto ufukoni Jumapili na soda za baridi. Hawa wote hawahitaji frigo ya aina moja, na baadhi yao hawahitaji frigo kabisa.

Tuanze na ile inayouzwa sana, kwa sababu ni ya bei nafuu na ni nyepesi. Ni sanduku la plastiki lenye feni ndogo kwenye kifuniko au ubavuni, unachomeka waya kwenye tundu la kuwashia sigara garini, na linaanza kupoa. Mara nyingi lina kitufe cha pili cha kupasha joto chakula. Ukiona kitufe hicho, ujue ndani hakuna kompresa. Kuna kisahani kidogo ambacho umeme ukipita upande mmoja unapoa na upande mwingine unapata moto. Kisahani hicho kinaweza kushusha joto kwa nyuzi 15 hadi 20 chini ya joto la mahali sanduku lilipo, si zaidi. Hapa Goma mchana wa nyuzi 25 litakupa nyuzi 5 mpaka 10, utafurahi. Lakini liache ndani ya jipu lililofungwa vioo juani, ambamo joto linapita 40, na humo sandukuni mna nyuzi 20 na zaidi. Hiyo si baridi ya kutunza samaki. Hiyo ni joto la jikoni asubuhi.

Ubaya wake wa pili unauma zaidi. Sanduku hilo halipumziki. Linakula umeme wa ampea nne hivi saa zote, lipoe lisipoe. Batri ya jipu yenye namba 70 Ah ubavuni inabeba ampea 70 za saa moja, lakini ukitumia zaidi ya nusu, asubuhi gari linaweza kukataa kuwaka, na batri yenyewe inaanza kufa. Nusu ni 35. Gawanya kwa nne: unapata saa nane na kitu. Ukizima injini saa kumi na mbili jioni ukaacha sanduku limechomekwa, saa tisa usiku umeshapita mpaka. Alfajiri wanaume wanasukuma gari, na watoto wanatazama.

Frigo yenye kompresa ni kitu kingine. Ndani yake ni kama frigo ya nyumbani iliyopunguzwa, tena inafanya kazi kwa volti 12 au 24. Ikiwaka inakula wati 45 hadi 50, ambazo nazo ni ampea nne, lakini ikishafika baridi uliyoiomba inanyamaza. Kwenye hewa ya kwetu, ikiwa imejaa na imefungwa vizuri, inafanya kazi kama theluthi moja ya muda. Kwa usiku wa saa 12 itakula ampea 16 hivi za batri, na jipu litawaka asubuhi. Ukiteremka uwanda wa Rwindi mpaka Ziwa Edward, ambalo liko karibu mita 900 juu ya bahari wakati Goma tuko karibu 1,500, joto linaongezeka, na frigo hiyo hiyo itafanya kazi nusu ya muda au zaidi. Kwa hiyo anayesema «yangu ilikaa siku mbili bila kuwasha gari» muulize alikuwa wapi. Butembo kwenye baridi si sawa na Vitshumbi.

Kuna aina ya tatu, ya gesi. Mama wenye umri wataikumbuka ndugu yake, ile frigo ya petroli iliyokuwa kwenye vituo vya afya kwa ajili ya chanjo, yenye utambi na kidirisha cha kuangalia kama moto ni wa bluu. Haina kelele na haihitaji umeme. Lakini lazima isimame sawasawa kama meza. Ikilala upande haipoezi. Kwenye barabara zetu hakuna kitu kinachosimama sawasawa. Na hairuhusiwi kuwashwa kwa moto ndani ya gari linalotembea, sababu haihitaji kuelezwa. Ni ya kambi ya kukaa wiki, si ya safari.

Kwa kuwa tumetaja kambi, tuseme na hili kwa wanaolala nje kando ya ziwa au kuelekea Sake. Mazuku si hadithi. Ile hewa nzito inayotoka ardhini inajikusanya kwenye mabonde na mashimo, hasa usiku na alfajiri kusipokuwa na upepo, na inaua mbuzi na watu bila harufu. Usitandike kitanda wala kuweka frigo ya gesi mahali pa chini. Moto ukizimika wenyewe, inua watoto mwondoke haraka kwenda juu. Lakini usiseme «moto unawaka, basi tuko salama», kwa sababu mtu anaweza kuumia kabla moto haujazimika. Waulize wenyeji wa mahali hapo kabla ya kushusha mizigo.

Sasa insulini, maana hapa ndipo tulisikia maneno mengi kwenye kikao yasiyo sahihi. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Chupa iliyofunguliwa na inayotumika, zilizo nyingi zinaruhusiwa kukaa nje ya frigo kwa majuma manne hivi, mradi joto lisipite nyuzi 25 au 30, kulingana na kilichoandikwa kwenye karatasi yake. Soma karatasi hiyo au mwombe muuguzi akusomee, kwa sababu zinatofautiana. Kwa hewa ya Goma maana yake ni hii: mama anayepanda Rutshuru siku nne na chupa moja anayoitumia, akiifunga kwenye kitambaa ndani ya mkoba, mbali na jua na mbali na injini, mara nyingi hahitaji frigo. Anayehitaji baridi ya kweli ni yule anayebeba akiba ya miezi.

Na adui mkubwa wa insulini huku milimani si joto. Ni barafu. Insulini iliyoganda hata mara moja imekufa, hata ikiyeyuka tena na kuonekana safi kama maji. Inatupwa. Chanjo kadhaa za watoto nazo zinaharibika zikiganda, ndiyo maana wauguzi wanaobeba masanduku ya chanjo hawaweki vifurushi vya barafu vikiwa vimetoka moja kwa moja kwenye friza. Wanaviacha nje mpaka ukivitikisa usikie maji ndani, kisha ndipo wanavipanga. Fanya vivyo hivyo nyumbani. Usigusishe chupa na barafu. Iweke ndani ya kikombe cha plastiki chenye kifuniko, kikombe ndani ya taulo, taulo ndani ya sanduku.

Hapo ndipo lile sanduku la feni linaleta hatari ya pili. Mengi ya bei nafuu hayana kitu cha kuyaambia «basi, inatosha». Yanashusha nyuzi 15 au 20 kutoka joto lolote lililopo. Kwenye usiku wa Masisi wa nyuzi 12 au 13, hesabu inakupeleka chini ya sifuri. Mchana linapasha dawa moto, usiku linaigandisha. Kwa dawa, kikundi kisinunue sanduku hilo. Huo ndio msimamo wetu na hatutaubadilisha kwa sababu ya bei.

Tunaosema hivi tunakumbuka Mei 2021. Nyiragongo ililipuka Jumamosi jioni tarehe 22, na Alhamisi tarehe 27 asubuhi tukaambiwa mitaa mingi ihame. Watu walitembea kuelekea Sake, wengine wakavuka Gisenyi, wengine wakapanda boti kwenda Bukavu. Nani alikuwa na nafasi ya kubeba frigo ya kilo 18? Mwisho wa Januari 2025 tena, mitaa mingi ilikaa siku kadhaa bila umeme wala maji, na frigo kubwa za nyumbani zikawa makabati. Hata mwenye kununua kompresa nzuri awe na kibuyu cha chai cha mdomo mpana, safi na kikavu, na kitambaa chake, karibu na mlango. Chupa mbili za insulini zinaingia humo na mama anaondoka na mtoto mgongoni.

Kwenye samaki, hesabu inageuka. Hapo barafu ni rafiki. Kanuni ya wavuvi ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, iliyopondwa na kupangwa tabaka kwa tabaka, na maji yanayoyeyuka yatoke chini kwa tundu. Samaki anayelala kwenye maji machafu anaoza akiwa baridi. Glasiere nzuri ya plastiki yenye kuta nene, ikipozwa usiku kabla ya safari na kutofunguliwa ovyo, inatunza barafu siku nzima na usiku wake. Haina waya, haina feni, haiulizi batri chochote. Kwa anayekwenda Kituku alfajiri na kurudi nyumbani saa nne, hata hiyo ni nyingi. Ndoo yenye kifuniko na barafu ya jirani inatosha. Sambaza hasa, wale wadogo walioletwa ziwa letu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wanaharibika haraka kuliko samaki mkubwa, hivyo barafu iingie mapema, wakiwa bado wanang'aa. Na samaki wa chumvi au wa moshi wa Vitshumbi haombi baridi ya mtu. Bibi zetu walimaliza jambo hilo kabla frigo haijafika Kivu.

Jibini la Masisi nalo lisisumbue mtu. Gudulia zima lenye ganda lake linasafiri vizuri kwenye kivuli na hewa. Ukilifunga kwenye plastiki ndani ya gari la moto ndipo linatoa jasho. Maziwa mabichi ni habari nyingine: yachemshwe kabla ya safari, yapozwe, kisha yaingie kwenye baridi. Frigo ya kubeba inatunza baridi iliyokuwepo. Haina nguvu ya kupoza kwa haraka lita kumi za maziwa ya moto, na ukiyatia hivyo yanapasha moto kila kitu kilicho jirani.

Tukiamua kununua ya kompresa, na bei yake ni mamia ya dola, basi yenye lita 35 hadi 40 inatosha kikundi. Kubwa kuliko hapo inahitaji wanaume wawili kuipandisha kwenye jipu na batri ya pekee yake. Iwe na mishikio ya chuma au ya plastiki nene tunayoweza kushika wawili wawili, na pembe za kufungia kamba. Barabara ya Sake na zile za mawe ya lava hazina huruma: frigo isiyofungwa inaruka, na inachovunja kwanza si kompresa bali bawaba za kifuniko na mayai ya watu. Kwenye mteremko haidhuriki kwa kuinama kiasi, lakini ikisafirishwa ikiwa imelazwa, isimamishe saa kadhaa kabla ya kuiwasha, mafuta ya kompresa yarudi mahali pake.

Muulize muuzaji kama ina kinga ya batri. Ni kitufe au alama inayochagua kiwango cha chini, cha kati au cha juu. Batri ikishuka hapo, frigo inajizima yenyewe na kuliachia gari nguvu ya kuwaka. Ukichomeka kwenye batri ya gari lenyewe, iweke juu. Frigo isiyo na kinga hiyo hatuitaki hata ikiwa zawadi, labda dereva awe na batri ya pili.

Volti pia. Jipu lina volti 12, lakini Fuso na malori makubwa yana 24, na wengi wetu tunasafiri juu ya Fuso kuliko jipu. Kompresa nyingi zinakubali zote mbili bila kubadilisha kitu. Sanduku la feni lililoandikwa 12 peke yake, ukilichomeka kwenye Fuso litatoa moshi. Soma kibandiko nyuma, usisome mdomo wa muuzaji.

Ya okazyoni si mbaya. Tunapendelea hata ya okazyoni yenye kompresa nzuri kuliko mpya isiyojulikana. Fungua kijipango cha nyuma au mwambie makanika afungue: ukikuta kompresa imeandikwa Danfoss, au Secop ambayo ndiyo jina jipya la kazi hiyo hiyo tangu 2010, hiyo ni mashine inayoheshimika na mafundi wanaifahamu. Kisha usilipe siku hiyo. Omba iwashwe mbele yako ikiwa tupu, iwekwe kwenye nyuzi 2, na kipimajoto chako mwenyewe kiwe ndani ya glasi ya maji. Kaa hapo. Nenda ununue viazi urudi. Usiamini namba inayowaka mlangoni mwa frigo, amini glasi ya maji. Baada ya hapo weka karatasi kwenye mdomo wa kifuniko, funga, uivute: ikitoka bila kushikwa, mpira umechoka, na frigo itafanya kazi mchana na usiku. Pande zote nne, si mmoja. Mpira unaweza kubadilishwa, lakini punguza bei kwanza.

Waya ndio unaodharauliwa kuliko vyote. Watu wanatupa waya mnene uliokuja na frigo ukikatika, wanaweka ule mwembamba wa redio. Umeme wa volti 12 ukipita mbali kwenye waya mwembamba unachoka njiani. Frigo inadhani batri imekwisha na inajizima, na mama anadhani amenunua kibovu. Tena waya huo unapata moto. Waya mnene, mfupi, wenye fyuzi karibu na batri, uliofungwa na makanika moja kwa moja kutoka batri mpaka nyuma ya gari, unatatua nusu ya malalamiko tunayosikia.

Paneli ya jua tumeulizwa pia. Hesabu ni ndogo: frigo ya wati 45 ikifanya kazi theluthi ya siku inakula kama wati 360 za saa. Paneli ya wati 100, kwa siku yenye saa nne za jua zuri, inatoa 400 kwenye karatasi na 300 hivi mkononi. Na Goma tunajua mawingu yetu. Ukitaka paneli ibebe frigo peke yake, anza na wati 150 au 200. Kwa safari ya siku mbili tatu, ambapo gari linatembea kila siku na kuijaza batri, paneli haina kazi.

Usiku kabla ya safari ichomeke nyumbani kwenye umeme, iwe imejaa vitu vilivyokwisha kupoa. Frigo tupu inapoteza baridi yote kila ukifungua. Iliyojaa chupa za maji inaishika. Matundu ya hewa yasifunikwe na vitenge wala magodoro, na vumbi jeusi la barabara lipanguswe kwa brashi kila mkirudi.

Mapendekezo yetu kwa kikao cha Jumamosi ni haya: kikundi kinunue frigo moja ya kompresa, ya okazyoni iliyopimwa, pamoja na kipimajoto kimoja na waya mnene, na glasiere mbili za kawaida kwa wauza samaki, zisichanganywe. Frigo ya dawa na maziwa haitabeba samaki hata siku moja, hata kwa dada wa mwenyekiti. Anayeichukua aandikwe kwenye daftari, aweke dhamana, airudishe imeoshwa kwa maji na siki na kifuniko kikiwa wazi ili isinuke. Mwenye akiba ya insulini anayesafiri atangulizwe kila wakati, bila kulipa. Kwa harusi na Jumapili za ufukoni watu walipe, na pesa hiyo irudi kisanduku kwa ajili ya mpira na fyuzi.

Mwenzetu anayeishi Katindo amekubali kuitunza, nyumba yake ina kufuli mbili. Tunatafuta bado mama mwenye mume au kaka makanika wa umeme wa magari, aje Jumamosi na kipimo chake cha volti.